Jina la Kahiga

Nyawira hangeweza kuandika kwa nini anataka kusoma bila kuandika jinsi mdogo wake Mwai alivyokufa, na mama yake alikuwa amemkataza kulitaja jambo hilo. Shida ilikuwa hiyo. Mengine yote yalikuwa tayari: vyeti, barua za wakubwa wake kazini, pasipoti. Ilibaki insha, na insha ilikuwa na swali moja tu: kwa nini wewe, na kwa nini kazi hii?

Kazi yenyewe ilikuwa na jina refu, ushauri wa vinasaba, na Mukurweini nzima hakukuwa na mtu aliyewahi kulisikia. Nyawira alikuwa amechoka kulieleza. Ni kukaa na mtu ambaye kwao kuna ugonjwa unaopita katika damu, kutoka mzazi hadi mtoto. Unamweleza unapita vipi, nani anaweza kuwa ameubeba bila kuugua, na mtoto ajaye ana uwezekano gani wa kuupata. Kisha unanyamaza, unamwacha aamue mwenyewe. Hutibu mtu. Majirani wakisikia hivyo waliuliza, sasa kama hutibu, unalipwa ya nini?

Chuo kilikuwa Afrika Kusini, shahada ya pili, miaka miwili. Mwaka uliotangulia alikuwa ameomba akaandika kwamba anapenda sayansi na anapenda watu. Walimkataa. Alipouliza alikosea wapi, mwalimu mmoja alimjibu kwa upole kwamba hakukosea popote, ila walisoma insha yote na hawakumwona yeye ndani yake. Nyawira alikaa na maneno hayo mwaka mzima. Alikuwa muuguzi katika wodi ya wazazi, na hata akipima presha ya mama aliyejifungua alikuwa akiandika insha kichwani. Kila mara ilianza na goti la Mwai.

Mwai alikuwa kitinda mimba wao, mvulana pekee. Akicheza mpira goti lilivimba likawa kama boga changa, wakasema ni baridi ya mlima. Akigongwa kidogo tu ngozi ilivilia damu ikakaa nyeusi hadi mtu asahau aligongwa lini. Siku alipong'oka jino alitokwa damu mchana kutwa na usiku kucha, na asubuhi mama yao, Monicah, aliufua mto wa kulalia kabla mumewe hajauona. Nyawira alimwona akiufua. Hakuuliza. Alikuwa msichana, na mama akiamua kufua, amefua.

Kwao mtoto hapewi jina kwa sababu ni tamu. Mvulana wa kwanza ni wa baba ya baba, msichana wa kwanza ni wa mama ya baba, na wanaofuata hurudi upande wa mama. Na akishapewa jina, amekuwa mtu yule. Dedan, baba yao, fundi wa mawe aliyeacha shule mapema, alimwita Mwai "baba" tangu akiwa kwenye nepi, na Nyawira alimwita "mama". Hakuwa akitania. Mtoto akilia usiku, Dedan alisema, baba ana njaa, na kila mtu nyumbani akajua ni nani.

Mwai alipomaliza darasa la nane, Desemba hiyo ikawa zamu yake kutahiriwa, kama wavulana wote wa huko. Monicah alitaka apelekwe hospitali kubwa mjini Nyeri. Dedan alikuwa ameshapatana na tabibu aliyewatahiri wana wa wenzake wa rika, na hakuona sababu ya kujionyesha mjini. Nyawira alikuwa amesimama mlangoni na sufuria ya maziwa. Alimsikia baba yake akiuliza, "Kwani mtoto ana nini?" Akamsikia mama yake akijibu, "Hana kitu."

Tabibu hakukosea. Kisu kilikuwa safi na mkono haukutetemeka. Ni damu iliyokataa kukoma. Ilitoka kidogo kidogo chini ya blanketi, katika kibanda alichokaa na kijana wa kumwangalia, na mvulana wa huko akitahiriwa halalamiki. Mwai alipofungua mdomo ilikuwa ni kusema anasikia baridi. Walimkimbiza kwa pikapu ya jirani. Alifia njiani, kichwa chake kikiwa kwenye mapaja ya Dedan, na kwa hesabu ya jina, Dedan alimzika baba yake mara ya pili.

Watu wakishazika hutafuta wa kulaumu. Dedan aliwapunguzia kazi, alijilaumu mwenyewe. Tangu hapo, Desemba ikikaribia, wavulana wakianza kuonekana barabarani na kofia mpya na miguu iliyopanuka, yeye hukusanya mwiko wake, pima maji na nyundo, akaenda Timau kujenga nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya maua. Krismasi humkuta huko. Monicah humfungia chakula cha njiani na hamwambii abaki.

Habari za Kahiga Nyawira alizisikia akiwa ameshasoma uuguzi. Alikuwa amekwenda Chaka, alikozaliwa mama yake, kumsaidia tata Wakonyo kuchambua viazi vya soko. Tata ni dada mkubwa wa Monicah, na mdomo wake hauna kufuli. Alisema tu, kama mtu anayesema habari za mvua, kwamba Mwai alikwenda kama Kahiga. Nyawira akauliza Kahiga ni nani. Tata akashika kiazi akakitazama, akaona ameshaingia, akamalizia.

Kahiga alikuwa kaka yao, tata na Monicah. Alitokwa damu baada ya kutahiriwa hadi akafa, Monicah akiwa bado msichana. Na huyo Kahiga alikuwa amepewa jina la mjomba wake, kaka ya mama yao, ambaye naye alikatwa na jembe mguuni akiwa kijana, jeraha la kufungwa na kitambaa, likamwua. Vijana wawili, jina moja, kifo kimoja. Mzee Gicheru, baba yao, aliketi na ndugu zake wakakata shauri kwamba jina hilo lina kitu. Lilazwe. Binti yake yeyote akizaa mvulana, asimwite Kahiga.

Mtu asiwacheke. Walikuwa wameona nusu ya kweli kwa macho yao. Waliona kwamba kitu kile kinatoka kwa mjomba kinakwenda kwa mtoto wa dada. Walifika mlangoni kabisa. Ila walidhani kinasafiri ndani ya jina, kumbe kinasafiri ndani ya dada, ambaye mwenyewe haugui wala hajui. Kwa hivyo Monicah alipojifungua mvulana na mvulana akapewa jina la Mwai, la upande wa baba, alishukuru Mungu. Mtoto alikuwa wa kina Dedan. Kitu cha kwao kingempatia wapi? Goti lilipovimba aliogopa, mto ulipoloa aliogopa zaidi, lakini jina lilimwambia usiogope. Ndiyo maana alitaka hospitali kubwa, na ndiyo maana alipoulizwa mtoto ana nini, alisema hana kitu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kifo cha nani.

Haya yote Nyawira aliyaunganisha peke yake, viazi mkononi. Damu ya Mwai haikuwa imepimwa, na sasa haiwezi kupimwa tena, lakini kila alama ilielekea upande mmoja: ugonjwa wa damu isiyoganda, ambao mama huubeba na wanawe wa kiume huugua. Na tangu siku hiyo akawa na hamu isiyomwacha. Alitamani angekuwepo mtu. Mtu mmoja tu, aliyesomea jambo hilo, aliyeketi na mama yake mapema akamwambia kwa lugha yake: si jina, ni hivi, na mwanao akitahiriwa fanyeni hivi na hivi. Mtu huyo hakuwepo. Nyawira alitaka kuwa yeye. Hakuna insha nyingine aliyokuwa nayo.

Alimwambia mama yake kwamba anataka kuyaandika, wakiwa zizini, Monicah akikata majani ya nepia kwa panga. Monicah hakusimamisha panga.

"Andika unapenda watu," alisema. "Si unapenda watu?"

Nyawira akasema aliandika hivyo mwaka jana wakamkataa.

"Basi hao ni watu wa umbea. Ati mpaka wajue marehemu wa watu." Alikata, akakata. Kisha akasema polepole kwamba wakwe wa Lynn wanakuja mwezi ujao kuanza kutoa mahari, na ukoo unaosemwa una damu mbaya hauolewi. Na baba yako, akasema, halafu akaacha hapo. Ng'ombe alinyoosha shingo akachukua majani mkononi mwa Monicah.

"Baba amebeba kitu ambacho si chake, mama."

"Amezoea kukibeba," Monicah alisema. "Mimi huo mzigo wako sitauweza. Usiandike, Nyawira. Nimekuomba, sijakuamuru."

Ingekuwa amri, ingekuwa rahisi kuivunja.

Basi akamwendea Lynn. Lynn, mdogo wake, alikuwa na kibanda cha kusuka nywele mjini Nyeri, na mimba changa ambayo nyumbani walijifanya hawajaiona. Mchumba wake, Gatimu, alikuwa mtu wa upande wa Nanyuki, mpole, mwuza vipuri vya pikipiki. Nyawira alisubiri mteja wa mwisho aondoke, akafunga pazia, akaeleza yote. Alieleza vizuri. Alisema kwamba mama yao karibu hakika ameubeba ugonjwa huo, kwamba kila binti yake ana nusu ya uwezekano wa kuubeba naye, kwamba kuna kipimo, na kwamba mtoto akiwa mvulana madaktari wakijua mapema anaishi maisha yake. Lynn alisikiliza akizungusha kitana mkononi.

"Wewe umepimwa?" akauliza.

Nyawira akasema bado.

"Na unafanya kazi hospitali." Lynn alicheka bila furaha. "Wacha nikuelewe, siz. Unataka kwenda mpaka Afrika Kusini kusomea kuambia watu kitu ambacho wewe mwenyewe umeogopa kuambiwa."

Ndivyo ilivyokuwa.

"Mimi sikuwa nimekuuliza," Lynn alisema. "Umenisuka mtindo ambao sikuuomba. Nilikuwa na mtoto tumboni na harusi mbele. Umekuja umenipea hii, sasa nimeishika. Niiweke wapi?"

Nyawira alitoka pale akijua kwamba kazi anayoililia ameifanya kwa mara ya kwanza, na ameifanya vibaya. Haraka ya kusema ilimbeba. Alimpelekea jibu mtu ambaye hakuwa na swali. Akiwa barabarani alijiambia kwamba ataiacha insha, ataandika tena kwamba anapenda watu. Alifika nyumbani, akafungua kompyuta, akaandika kwamba anapenda watu. Akaifunga.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa na swali. Alikuwa nalo tangu Desemba ile, na hakuwahi kuuliza kwa sababu alidhani jibu analijua.

Nyawira alimkuta baba yake Timau juu ya ukuta uliofika kiunoni. Upepo wa mlima ulikuwa ukipita juu ya mashamba ya ngano, na Dedan alikuwa amevaa koti lake kuukuu juu ya jingine kuukuu zaidi.

"Mama," alisema, "umefuata nini huku kwenye upepo?"

Akamwambia amekuja kumwomba ruhusa aandike habari za Mwai, ili apate nafasi ya shule. Dedan aliweka jiwe, akaligonga kwa mpini wa mwiko, akalitazama kwenye uzi.

"Andika," alisema. "Andika baba yake alimuua kwa ubishi. Ni kweli, na ni fupi."

Nyawira akamwomba penseli. Fundi hakosi penseli. Ilikuwa nyuma ya sikio. Alichukua jiwe lililochongwa ambalo halijajengwa, akalilaza, akachora juu yake kama alivyojifunza: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mstari unaunganisha waliozaana, mstari unashuka kwa watoto. Dedan alishuka ukutani akachuchumaa. Ramani alizijua. Nyawira alianza na bibi yake wa Chaka, mama ya Monicah, duara, na kaka yake, mraba, akaujaza mweusi. Akashuka: tata Wakonyo, duara. Kahiga, mraba, mweusi. Monicah, duara, akaweka nukta katikati, alama ya aliyebeba bila kuugua. Akachora mraba wa Dedan kando ya Monicah, akauacha mweupe. Akashuka tena: yeye, duara; Lynn, duara; Mwai. Mraba wa Mwai aliujaza taratibu, penseli ikikwaruza jiwe.

Akaeleza. Hakukimbia safari hii. Kila alipomaliza sentensi alisubiri baba yake aulize, na alipouliza ndipo alipoendelea. Dedan aliweka kidole kwenye mraba wake mweupe, akakipeleka kwa Mwai, akakirudisha, kama mtu anayetafuta ufa.

"Kwa hivyo haikuwa kisu."

"Haikuwa kisu, baba. Hata hospitali kubwa, kama hawakuambiwa, wangekata."

"Wangekata," alisema Dedan. Ngano ililala, ikainuka. Kisha kidole chake kikaenda kwenye mraba wa Kahiga, mtu ambaye katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumsikia, na kikashuka hadi kwenye duara lenye nukta. "Na mama yako alijua?"

Hapo ndipo Nyawira angeweza kusema uongo. Aliutafuta, akauona, ulikuwa karibu. Lakini alikuwa ameona vile mgongo wa mtu huyu umekunjwa na uongo mdogo wa maneno mawili.

"Alijua Kahiga alikufaje," alisema. "Hili la damu hakulijua. Walidhani ni jina, wakalilaza. Alidhani Mwai ameokoka kwa sababu ni wenu."

"Nilimuuliza," Dedan alisema. "Nilimuuliza mtoto ana nini."

"Nilisikia."

Dedan alimtazama binti yake. Labda alikuwa akihesabu kwamba naye pia amenyamaza muda wote huo. Aliinuka, akachukua jiwe lile lenye michoro, akaweka simiti ukutani, akaligeuza uso wenye maandishi uangalie ndani, akalilaza mahali pake. Aligonga mara chache. Likakaa sawa na mengine, na mtu akipita leo hawezi kulijua.

"Andika," alisema akiwa amempa mgongo. "Na uandike jina lake lote, na la baba yake."

Aliandika. Aliandika goti, mto, sufuria ya maziwa, jina lililolazwa Chaka, na swali la baba yake kule Timau. Aliandika kwamba alimharibia dada yake usingizi kwa kusema kabla ya kuulizwa, na kwamba yeye mwenyewe hajapimwa kwa sababu anaogopa. Walimwita kwenye mahojiano ya video, akayafanya kwenye ofisi kazini kwake, kuku wa mlinzi wakisikika dirishani. Mwanamke mmoja mzee kati ya wahojaji alimuuliza kama, akirudishwa Timau, angemjibu baba yake vinginevyo. Nyawira alisema hapana, lakini angetamani mama yake awe amekaa hapo, kwenye jiwe la pili, alisikie swali mwenyewe. Nafasi akaipata.

Sasa yuko huko, mwaka wa kwanza unakwisha. Jioni huangalia simu. Anatamani kuona neno moja la mama yake, hata la kumwuliza kama huko kuna baridi. Alipoondoka, Monicah alikuwa shambani akichuma kahawa, na hakuja barabarani. Nyawira alipita njia ya juu ili amwone kati ya mibuni, akaona kitambaa cha kichwa, kikiinama.

Nafasi hiyo iligharimu hivi. Dedan alirudi nyumbani Januari, akamuuliza Monicah swali lile lile la zamani, na safari hii alijibiwa. Hakumpiga wala hakumtukana. Alichukua sanduku lake la vifaa na koti lililobaki, na sasa anaishi Timau si kwa Desemba tu, kwa miezi yote. Monicah anakamua ng'ombe, anapika chungu kidogo, anakula peke yake. Lynn alimwambia Gatimu mwenyewe kabla ya wakwe kuja. Gatimu alisema ataongea na wazee wake, na bado anaongea nao. Lynn alijifungua mvulana. Kama mtoto alipimwa, na kama alikutwa na kitu, Nyawira hajui, kwa maana Lynn hapokei simu yake. Picha moja tata Wakonyo alimtumia kwa simu, kabla hajaifuta, mtoto amelala kifudifudi, na Nyawira aliivuta ikawa kubwa, akatazama magoti. Kwa kuwa mahari haikutolewa, mtoto amepewa jina la upande wa kina Lynn, si la kina Gatimu. Alimuuliza baba yake ni jina gani. Dedan alisema muulize mwenye mtoto. Mwenye mtoto hajajibu. Nyawira ana mpwa mmoja duniani, na jina lake hajaambiwa.